Kalenda ya Baba: Mwezi wa Saba

Nyumbani kwetu Kipushi, ukutani juu ya meza ya kulia, ilitundikwa kila mwaka kalenda kubwa iliyopigwa chapa Ulaya. Baba aliipata parokiani karibu na Noeli, akaja nayo kwapani imekunjwa kama mkeka mdogo, na sisi watoto tukagombania kuikunjua. Kila mwezi ulikuwa na picha yake, na chini ya picha mashauri machache kwa watu wa nyumbani: panda hiki, hifadhi kile, jihadhari na jambo fulani.

Picha ya mwezi wa kwanza nayakumbuka mambo yake yote. Nyumba ndogo za mji wa Ulaya, paa zake zimefunikwa na theluji nyeupe, na watoto wawili wanavuta kigari kisicho na magurudumu. Nkambo wetu, mama yake Baba, aliitazama siku moja kwa muda mrefu, kisha akauliza: «Mihogo yote hii wameianika juu ya paa, na mvua ikija?» Nje mvua ilikuwa ikipiga mabati yetu hata tusisikizane. Chini ya picha ile kalenda ilituagiza kufagia theluji mlangoni na kuziba nyufa za madirisha. Na ilipofika mwezi wa saba, ilituonyesha wanaume wenye mikono mitupu wakivuna ngano juani, ikatushauri kunywa maji mengi na kuvaa kofia. Nasi tulikuwa tukiitazama huku tumejifunga blanketi mabegani, meno yakigongana.

Sisemi kwamba kalenda ile ilidanganya. Ilisema kweli kwa watu wa huko ilikotoka. Tarehe 21 mwezi wa sita jua hufika mwisho wa safari yake ya kaskazini. Ulaya wako katikati ya joto, na sisi tulio upande wa kusini wa ikweta tuko katikati ya kipupwe. Ndugu zangu wa Kisangani watacheka wakisikia mtu wa Kongo analalamikia baridi, kwa maana kwao ikweta iko jirani, na miezi yao yafanana. Lakini Kipushi iko nyuzi karibu 12 kusini, mpakani kabisa na Zambia, nayo iko juu ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari. Mvua hukoma mwezi wa nne. Tangu hapo mawingu hutoweka siku baada ya siku, na mawingu ndiyo blanketi ya nchi wakati wa usiku. Joto lililoingia ardhini mchana hupanda angani lisizuiwe na kitu. Hivyo saa nane za mchana mtu huvua koti, na saa kumi na moja za alfajiri huona pumzi yake ikitoka kinywani kama moshi. Usiku wa mwezi wa sita na wa saba kipimo hushuka mara nyingi chini ya nyuzi 10, na mara nyingine hukaribia 5.

Baba alikuwa mfanya kazi wa mgodi, mtu wa maneno machache. Mgodi ule ulisimama mwaka 1993, ukaanza tena kutoa zinki mwaka 2024, lakini yeye hakuiona hata mojawapo ya siku hizo. Alipoona kwamba mashauri ya kalenda hayatufai, hakuitupa. Aliligeuza kila jani, na mgongoni pake, penye weupe, akaandika kwa kalamu ya risasi mashauri yake mwenyewe kwa Kiswahili. Mwaka ulipokwisha aliyanakili katika kalenda mpya, akiongeza neno moja au mawili. Jani la mwezi wa saba ndilo lililojaa kuliko yote. Ninazo kalenda 11 za namna hiyo sandukuni, na kila mwaka baridi inapoanza huzitoa nikasoma.

«Makaa: nunua mwezi wa tano.» Ndivyo linavyoanza jani hilo. Anayengoja hata baridi imkute hununua pamoja na mji mzima, tena hununua kwa haraka asichague. Wachomaji huleta magunia yao kwa baiskeli toka porini, wakiisukuma kwa miguu toka usiku, na yule aliyekwisha kupoteza nguvu zake njiani hauzi kwa bei ya huruma. Baba alitufundisha kuchagua: chukua makaa mawili, uyagonge moja kwa jingine, yakilia kama chupa, yametoka katika mti mgumu na yamechomwa vizuri, yakitoa sauti ya udongo, yaache. Siku hizi msitu umekwenda mbali sana na miji yetu ya Katanga, na wachomaji wanautafuta mbali zaidi kila mwaka. Kwa hiyo naongeza neno langu chini ya lake: makaa yakibaki baada ya kupika, yafunike kwa kifuniko cha bati yazimike, uyatumie kesho.

Kisha huja mambo ya nguo na watoto. Mtoto aogeshwe saa sita za mchana, si jioni. Apakwe mafuta angali na unyevu mwilini, kwa maana hewa ya kipupwe ni kavu, nayo hupasua ngozi ya visigino na midomo. Na midomo ikipasuka isilambwe, maana mate yakikauka huipasua zaidi. Blanketi zianikwe juani kila siku ya pili. Na kama blanketi ni mbili nyembamba, tandika karatasi za gazeti katikati yake. Shauri hili lilitufanya tucheke usiku, kwa sababu kila tulipogeuka kitandani habari za dunia zilikuwa zikilia. Lakini ni shauri jema: karatasi huzuia upepo na kufunga hewa, na hewa iliyofungwa ndiyo inayohifadhi joto. Hata gazeti hili, likisha kusomwa na wote wa nyumbani, halitakataa kazi hiyo.

Juu ya bustani aliandika mengi, maana kipupwe ndicho kipindi cha mboga. Mahindi yamekwisha kuvunwa, na bondeni, katika dembo, maji yangali karibu. Mtu hupanda kabichi, vitunguu, lengalenga na nyanya, akazimwagilia kwa mkono asubuhi na jioni. Wadudu ni wachache na magugu hayakimbilii kukua. Lakini bonde lina hila yake. Hewa baridi ni nzito. Usiku hutiririka toka vilimani kama maji, ikatulia bondeni, hata usiku mwingine umande hugeuka barafu nyembamba juu ya majani. Baba alipoteza nyanya zake zote usiku mmoja. Asubuhi majani yalikuwa meusi yamelegea kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Jirani mmoja alisema ni uchawi, akataja na jina la mchawi. Baba alikwenda kutazama nyanya za jirani huyo huyo, zilizopandwa hatua 40 juu zaidi, akaziona nzima. Jioni aliandika: «Nyanya za bondeni zifunikwe majani makavu kabla jua kutua. Kabichi hapana neno.»

Neno jingine alilipigia mstari chini: «Choma mapema au usichome.» Watu wa Katanga wanajua ninachosema. Vijana huwasha majani ya pori ili kuwatoa panya, na moto wa namna hiyo hauulizi mwenye shamba ni nani. Huko Ndola, ng'ambo ya mpaka, wataalamu wa misitu walianza mwaka 1933 kulipima jambo hili kwa miaka mingi. Waligawa pori sehemu: moja ikachomwa kila mwaka mapema, majani yangali na ubichi kidogo, moja ikachomwa mwishoni mwa kiangazi, yakiwa makavu kabisa, na nyingine ikakingwa na moto. Palipochomwa mwishoni miti ilikufa kidogo kidogo, majani yakatawala. Palipochomwa mapema miti ilivumilia. Na palipokingwa pori likafunga na kuwa msitu. Baba hakusoma vitabu vya Ndola. Aliona tu kwamba ukichoma mstari wa kinga kuzunguka shamba lako kabla ya mwezi wa saba kwisha, moto wa mwezi wa tisa utakaposhuka kwa nguvu zake zote utafika hapo na kukosa chakula.

Sasa nimefika penye mstari ulioniandikisha habari hii. Uko juu kabisa ya jani, umebanwa juu ya neno la makaa kwa kuwa haukuwapo mwanzoni. Haukuandikwa kwa mkono wa Baba. Ni mwandiko wa mtoto wa darasa la sita, herufi kubwa zilizoinama: «MBABULA INALALA NJE.»

Mwandiko huo ni wangu.

Mbabula ndilo jina ambalo sisi wa Katanga twaliita jiko la makaa, lile la bati lenye matundu, ambalo hupikiwa uani na jioni huingizwa nyumbani ili watu waote. Katika kila nyumba kuna mtu wa kulitoa kabla ya kulala. Kwetu mtu huyo alikuwa mimi. Nililishika kwa kitambaa, nikalibeba hata chini ya ukingo wa paa upande wa nyuma, nikarudi mbio kwa sababu ya baridi.

Mwaka 1974, mwezi huo wa saba, Baba alikuwa amekwenda Likasi kwa mazishi ya ndugu yake. Siku hizo hizo Mama Mdogo, mdogo wake Mama, alitufikia toka Kasenga kwa lori la samaki. Alileta mtoto wake wa kwanza, mvulana wa majuma sita, ili dada yake amwone. Kasenga iko bondeni, kando ya mto Luapula, na baridi yake si baridi ya Kipushi. Alikuja na kitenge kimoja cha kumbebea mtoto na kingine cha kujifunika. Mama alimpa chumba cha uani, kwa kuwa ndicho chenye kitanda kipana, akampa na blanketi ya Baba.

Usiku wa pili upepo ulivuma toka kusini-mashariki. Tuliota moto katika chumba chake, kwa ajili ya mtoto, hata tukasinzia. Mama alituondoa, nami nikainama kuichukua mbabula. Mama Mdogo akanishika mkono.

«Mwanangu, iache kidogo,» akasema. «Tazama, mtoto anatetemeka.»

«Mama amesema niitoe, Mama Mdogo.»

«Moshi umekwisha. Makaa ni mekundu tu. Yatatudhuru nini? Nitaitoa mwenyewe.»

Nilitazama makaa. Kweli hayakuwa na moshi wala harufu. Yalikuwa mekundu, mazuri. Nilimwona naye akisokota kitambaa na kukiziba chini ya mlango, na katika ufa wa dirisha alikuwa amekwisha kutia karatasi. Nikamwachia. Nilikwenda kulala nikijiona mtoto mwenye moyo mwema.

Kabla ya mapambazuko Mama alisikia kishindo uani, kama gunia lililoangushwa. Tulipotoka na taa tulimkuta Mama Mdogo amelala kizingitini, nusu ndani, nusu nje. Mlango wa chumba kile ulifungukia nje. Alikuwa ameamka na kichwa kikimpasuka, akajikokota hadi mlangoni, akauangukia kwa uzito wake. Kufunguka kule kwa mlango ndiko kulikomwokoa mtoto. Mama aliruka juu ya mdogo wake, akamtoa mvulana kitandani. Shingo yake ililegea. Hakulia. Mama alimpiga nyayo, akampulizia usoni, akamwita kwa majina yote, na mimi nilisimama pale na taa mkononi nisiweze hata kuiweka chini.

Mwanamke mmoja jirani alikuja na kikombe cha maziwa ili kuvunja sumu. Mwingine, ambaye alikuwa akifanya kazi ya uuguzi, alikisukuma kando akasema: «Hakuna maziwa! Waacheni nje, waacheni hewani, mtafutieni gari.» Kwa baridi ile walilazwa uani juu ya mkeka, wamefunikwa miili na nyuso wazi, hata gari lilipopatikana. Hospitalini wote wawili walipewa oksijeni. Jua lilikuwa limekwisha kupanda mvulana alipolia, kilio kidogo kibovu, na Mama aliyekuwa hajatoa chozi akaanza kulia pamoja naye.

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa mwalimu, nilijifunza kilichotokea chumbani mle. Makaa yakiungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haichomi macho. Moshi ni rafiki mchungu, kwa maana hutukohoza na kutufukuza. Hewa hii humwacha mtu akisinzia. Ikiingia mapafuni hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hata damu ikawa kama gari lililojaa mizigo mibaya, lisilo na nafasi ya kubeba abiria wake. Kichwa huuma, tumbo huchafuka, miguu huisha nguvu; na anayelala hapati hata dalili hizo, huendelea kulala. Mtu akitolewa nje, katika hewa ya kawaida, nusu ya sumu hiyo huhitaji saa 4 hadi 6 kutoka damuni. Akipewa oksijeni tupu, yatosha saa moja au moja na nusu. Ndiyo maana yule mama mwuguzi aliomba gari. Maziwa hayafiki palipo na sumu, yanakwenda tumboni.

Tena wako wanaofunika makaa kwa majivu, wakidhani wameyalaza. Wameyanyima hewa tu, na makaa yaliyonyimwa hewa ndiyo yanayotoa sumu hii. Wengine huacha dirisha wazi kiasi cha kidole. Silisifu jambo hilo. Baridi ikizidi, mkono huenda wenyewe ukalifunga.

Mvulana hakubaki na dosari. Mama Mdogo aliumwa kichwa majuma mengi, na akili yake ilikuwa na mashimo. Alijua kupika, alijua njia ya sokoni, lakini jina la mtoto lilimtoka. Alikuwa amelichagua mwenyewe kabla hajazaa. Alimshika kifuani akisema «huyu, huyu mtoto wangu», kisha alinigeukia mimi, si dada yake, akaniuliza polepole: «Anaitwa nani?» Nilimwambia. Pengine mara nne au tano kwa siku. Kufika mwezi wa kumi jina lilirudi, likakaa.

Baba alirudi toka Likasi siku ya tatu. Mama alimweleza chumbani, nami nilisikia minong'ono yao nikingoja kiboko. Alipotoka aliniuliza neno moja tu: «Ni wewe uliyeiacha?» Nikasema: «Ndiyo, Baba.» Alikwenda ukutani, akaishusha kalenda, akaigeuza jani la mwezi wa saba, akanipa kalamu yake ya risasi. Alinitamkia maneno matatu. Nilipokwisha kuyaandika aliitundika tena, wavuna ngano wakarudi mbele, na hatukulizungumza jambo lile mpaka alipokufa.

Mwaka uliofuata, alipokuwa akinakili mashauri katika kalenda mpya, alifika penye mstari ule akaniita niuandike mwenyewe. Ndivyo alivyofanya kila mwaka. Katika zile kalenda 11 yako majani 7 yenye mstari huo, na waweza kuona mwandiko wangu ukinyoka mwaka hata mwaka.

Mashauri ya mwisho wa jani lake ni ya tarehe 1 mwezi wa nane, sikukuu ya wazazi katika nchi yetu, ambapo asubuhi watu huenda makaburini na mchana huwakirimu wazazi walio hai. «Noa jembe tarehe 30. Nenda mapema, lakini umande ukauke kwanza.» Nami hufanya hivyo. Sasa nina makaburi matatu ya kulima, la Baba, la Mama, na la Mama Mdogo ambaye alikuja kuishi nasi baada ya kufiwa na mumewe.

Mwana wake hufanya kazi Kolwezi, naye amepita miaka 50. Kila mwaka hufika kwangu tarehe 31 jioni ili tuende pamoja asubuhi. Ni mtu mnene, mwenye sauti, ambaye hukumbatia watu wote wa nyumbani na kuuliza habari zao zote. Lakini kwanza, kabla ya kuketi, hutazama pembe za chumba. Akiiona mbabula karibu na miguu ya wajukuu wangu, hungoja mpaka wamekwisha kuota. Kisha huvua koti lake, huzungushia kitambaa mkononi, huibeba mwenyewe kupitia mlango wa nyuma, na huiweka chini ya ukingo wa paa. Hurudi akipangusa majivu, hufunga mlango, na huuliza kama bukari iko tayari.